Koteji ya kupanga Chipping Campden: inalipa au tunapigwa?

Oya wadau, habari zenu, karibuni. Leo sio simu wala blenda, leo nachambua nyumba, zile koteji za mawe za kupanga mashambani huku Uingereza, maana mmeniuliza sana hasa nyie wa London na Birmingham, mnaona picha mnasema hela yote hiyo kwa kanyumba kama haka ya nini. Basi nikapanga moja pale Chipping Campden, kamji kadogo kwenye vilima vya Cotswolds. Ya nani haituhusu, nyingi zinafanana.

Nyumba kwanza. Mawe ya chokaa ya njano, kuta nene kama za Mji Mkongwe Zanzibar na boriti juu vilevile, ila hizi ni za mwaloni sio mikoko. Inapendeza, lakini kama wewe ni mrefu jiandae kugonga kichwa. Ngazi ni nyembamba imesimama wima, kitanda kiko juu choo kiko chini, sasa we fikiria saa nane usiku. Bafuni sinki lina bomba mbili, ya moto inababua ya baridi inagandisha, katikati hamna, na kopo hamna kabisa, beba la kwako msije mkasema sikuwaambia. Jikoni vikombe vimejaa kabati zima ila sufuria ya maana hakuna, ukitaka kupika pilau la familia imekula kwako. Kuni za lile jiko la chuma la sebuleni kikapu cha kwanza bure, cha pili unalipia. Waifai ipo, netiweki ya simu hizo kuta zinaikataa.

Mngenisimamisha hapo ningesema hailipi, tukalale hotelini yaishe.

Kilichonibadilisha ni asubuhi. Nimekunywa chai nimevaa raba nimetoka, gari sijagusa, dakika chache niko kwenye soko la zamani, lile banda la nguzo za mawe la mwaka 1627, walikuwa wanauzia siagi na jibini, sakafu bado mawe yamebenjuka ukikanyaga vibaya unateguka. Hapo karibu ndo inaanzia njia ya miguu ya Cotswold Way, kilomita 164 hadi mji wa Bath, tulia, mi sikwendi Bath. Unafuata alama ya tunda la mwaloni na mishale, ya njano ni waenda kwa miguu tu, ya bluu na farasi na baiskeli wanapita. Na njia inakatiza shamba la mtu jamani, ngano hii hapa kulia kushoto na mwenye shamba haruhusiwi kuiziba, ni sheria. Kuna vigeti vya kujibana, unaingia nusu, unalivuta nyuma yako, ndo unatokea upande wa pili, kondoo haijui hiyo hesabu. Geti la kawaida ukilikuta limefungwa lifunge tena, hilo wanakasirika kweli.

Kama kilomita moja na nusu hivi unafika Dover's Hill, bonde zima la Evesham liko chini yako. Hapo wana michezo yao waliyoianzisha karne ya 17, mmoja ni kupigana mateke ya ugoko, watu wazima, wanajaza majani makavu ndani ya suruali kupunguza maumivu halafu wanashikana mabega wanaanza. Sina la kuongeza.

Ukinyoosha mbele unafika Broadway Tower, mnara wa mwishoni mwa karne ya 18 uliojengwa kwa ajili ya mandhari tu, siku ya jua unaona hadi vilima vya Wales, halafu unateremka kijijini Broadway miguu ikiwa imechoka vizuri. Sasa chakula: baa nyingi jiko linafunga mchana, mimi nimefika saa tisa kasoro nikaambiwa kuna krispsi tu, nikakaa na paketi ya krispsi na juisi. Kuleni mapema au bebeni chapati. Basi la kurudi ni la kubahatisha, Jumapili usilitegemee kabisa.

Nendeni Juni. Magharibi inaingia saa tatu na nusu usiku, unarudi, unaoga, unapika, unakaa nje na bado kweupe. Desemba saa kumi hivi jua limeshazama, hapo utaifaidi hiyo ngazi tu. Kutoka London ni treni ya Paddington mpaka Moreton-in-Marsh, saa moja na nusu hivi, ila teksi ya pale iagizeni kabla, ukishuka ukitegemea kuikuta stesheni utakaa sana.

Kwa mzee mwenye magoti mabovu, usichukue. Koteji ambayo hakuna njia inayoanzia karibu na mlango nayo usichukue hata ikiwa nzuri vipi, utakuwa unalipia maparkingi ya vijiji vya watu. Hii nimeipa saba kwa kumi, mbili nimekata za ngazi, moja ya bafu.