Tuisheni ya hesabu pale Tudor, nimeenda mwezi mzima na haya ndo maoni yangu

Wale mko mwaka wa kwanza chuo na hesabu zinawatoa jasho, someni hii. Nimekuwa nikienda kwa maalim mmoja hapa Tudor, Mombasa, Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri, mia mbili kwa kikao, unalipa ukifika na siku huna anaandika tu kwa daftari. Mimi nilienda kwa ajili ya kitu kimoja, domeni (yaani namba zote ambazo x inaruhusiwa kuwa) za zile fankisheni za sehemu, zile x iko juu na chini pia iko, manake mtihani wa katikati ya muhula nilipata 4 kwa 20 na darasani washasonga mbele kitambo.

Siku ya kwanza hakuandika fomula hata moja. Alituuliza, mahamri matano wagawie watoto sifuri, kila mtoto apata mangapi? Kimya. Akasema haya geuzeni, mahamri sifuri, watoto watano? Hapo sote tukajibu, hapati kitu, sifuri. Basi akasema shikeni hilo, juu pakiwa sifuri hakuna neno, chini pakiwa sifuri hakuna jibu kabisa. Ndo tukaingia ubaoni na (x + 5)/(x² − x − 6), ya juu usiishughulikie, chukua ya chini peke yake iwe sawa na sifuri, ivunje iwe (x − 3)(x + 2), basi 3 na −2 ndizo zilizokatazwa, namba nyengine zote ruhusa.

Lakini pesa yangu ilirudi siku ya (x² − 9)/(x − 3). Mimi nikakimbilia kukata, juu ni (x − 3)(x + 3), nikafuta na ya chini nikabaki na x + 3, nikasema domeni ni namba zote. Kosa lilelile lililonimaliza kwenye mtihani. Maalim hakunikaripia, akanambia mwanangu toa kalkuleta, weka 3 kwa hilo jibu lako. Nikapata 6. Sasa weka 3 kwa swali lenyewe vile lilivyokuja. Casio yangu ikaandika Math ERROR na mimi nikabaki naiangalia tu, kumbe hizo mbili zinalingana kila mahali isipokuwa hapo kwa 3, moja ina jibu nyengine haina, kwa hivyo domeni unaitoa kwenye swali KABLA hujakata chochote. Ukichora grafu unapata mstari ulionyooka wenye kitundu kimoja pale (3, 6), na hicho kitundu lazima ukiweke mwenyewe, kiduara kitupu, la sivyo hakionekani. Ile ya mwanzo haina kitundu, pale karibu na 3 na −2 grafu inapaa au inadidimia bila mwisho. Tofauti hii sikuwahi kuelezwa na mtu yeyote, wallahi.

Kuna siku pia alituwekea x² + 4 chini, darasa zima tukaandika 2 na −2, kumbe namba halisi ukiizidisha kwa yenyewe haiwi hasi, basi chini hapafiki sifuri kamwe na namba zote halisi zinaingia.

Kasoro zipo. Chumba kidogo, tuko ishirini na kitu, feni ni moja na stima zikipotea mnachemka humo ndani. Akishika kueleza haangalii saa, sisi wa kuvuka Likoni tunafika nyumbani usiku. Na ile ya kuandika jibu kwa mabano, kama lile swali la mwanzo, (−∞, −2) ∪ (−2, 3) ∪ (3, ∞), yaani namba zote isipokuwa −2 na 3, aliipita mbio sana, ilibidi nimfuate nje akanifanyia upya kwa daftari langu huku viazi karai vyake vinapoa, alikuwa na moyo lakini hiyo aifundishe darasani taratibu manake hapo ndo maksi hupotea hata kama namba umezipata.

Mtihani wa pili nimepata 16. Ukienda beba karatasi za grafu zako na kalkuleta, hapo hakuna za kuazima, na fika mapema ukae upande wa dirishani. Jumamosi hii anaanza zile zenye mzizi chini, mimi nishalipa.