Kibodi isiyokata saundi ukibadili: ipi ununue, na utapoteza nini kwa kuichukua

Ukiingia duka la vyombo vya muziki Kariakoo, Dar, au Luthuli, Nairobi, wateja karibu wote wanaanza na hii kibodi ina saundi ngapi, muuzaji anajibu elfu na kitu, biashara inaendelea. Kama unapiga kanisani au kwenye bendi naomba uanze na swali lingine: nikiwa nimeshika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya stringi, yaani saundi ya vinanda vya nyuzi, halafu nikabonyeza piano, ile kodi inabaki au inakatika? Maana hizo saundi elfu huzitumii, utatumia kumi, kumi na tano ukizidisha sana, ila kuhama kutoka moja kwenda nyingine utahama ibada nzima.

Chukua wakati wa maombi. Waimbaji wamenyamaza, ngoma zimesimama, imebaki pedi peke yake, ile saundi laini ya kujaza nyuma, umeikanyagia pedali na mchungaji anaomba taratibu juu yake, sasa unataka piano iingie. Kibodi isiyo na huo uwezo ukibonyeza tu pedi inakufa palepale, kanisa zima linasikia kimya kifupi hivi halafu ndo piano inaanza, kavu. Watu wanafumbua macho. Na wewe hujakosea noti hata moja.

Tatizo lenyewe ni efekti. Saundi nyingi za sintesaiza nusu ya uzuri wake ni mwangwi, dilei na korasi zilizowekwa juu yake, na kibodi nyingi zina nafasi ya seti moja tu ya hizo efekti kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiita saundi mpya zile za zamani zinafutwa ili nyingine zipakiwe. Zinazobadili kwa ulaini zinashika saundi mbili pamoja na efekti zake kwa muda ule, ya zamani inamalizia mkia wake huku mpya imeshaanza. Korg waliiweka kwenye Kronos mwaka 2011, Yamaha wakaja na yao kwenye Montage 2016. Lakini uwezo huo unakula nguvu za mashine, ndo maana bei inapanda au kuna kitu kingine kinapunguzwa.

Kabla sijazipanga, jinsi ya kupima dukani. Nenda na hedifoni zako na pedali yako, chagua stringi au pedi yenye mkia mrefu, shika kodi, kanyaga pedali, badili kwenda piano bila kuachia. Utasikia moja kati ya mambo matatu: inakatika kabisa, au noti zinabaki ila saundi inageuka ghafla kwa sababu efekti za piano zimeikalia juu, au inaendelea vilevile mpaka uachie. Hiyo ya pili ndo inawadanganya wengi. Roland za zamani kama Fantom-X zina kitu kinaitwa Patch Remain, noti zinabaki kweli lakini efekti zinahama saa hiyohiyo, kwa hiyo pedi iliyokuwa pana inasinyaa mkononi. Pima pia kurudi nyuma, piano kwenda pedi, na upime kwa saundi nzito zenye tabaka nyingi, usipime kwa zile nyepesi ambazo muuzaji anapenda kukuonyesha.

Namba moja kwangu ni Yamaha MODX, ile ya 2018 au MODX+ ya 2022, na kwa wengi wanaosoma hapa mngeweza kuishia hapa. MODX6 ina kilo 6.6, unaibeba kwenye bodaboda ukiwa na begi zuri, kuna ukurasa unaitwa Live Set wa vitufe 16 kwenye skrini ya kugusa unapanga saundi zako kwa mpangilio wa nyimbo na unazigusa tu. Ila uelewe masharti: ulaini unafanya kazi kama pafomansi yako, yaani saundi ulizounganisha zilie pamoja, ina parti (saundi moja moja) nne au pungufu. Ukijenga lile likubwa la parti saba, lenye brasi, stringi, kwaya, piano na besi ya mkono wa kushoto, ulaini unaondoka na inakata kama kibodi nyingine yoyote. Montage inakwenda mpaka nane ila bei yake ni nyingine kabisa. Na vitufe vya kupigia vya MODX6 ni vyepesi, havina aftatachi (kubadili saundi kwa kukandamiza zaidi kitufe ulichoshika), mtu aliyezoea piano halisi havitamridhisha, huyo aangalie MODX8 yenye vitufe vizito, ila hiyo ina karibu kilo 14 na bodaboda asahau.

Namba mbili ni Nord, na hapa pesa ndo inaamua. Stage 3 na Stage 4 zinahama kwa ulaini mzuri sana, kila kitu kiko juu kwa nobu na vitufe, hutafuti menyu gizani. Electro 6 nayo inao huo uwezo kwa bei ya chini zaidi, piano na ogani zake ni tamu mno, lakini haina gurudumu la kubenda noti, kwa hiyo kama kazi yako ni sebene na unapiga solo za kuvuta noti, au zile laini za sinthi za kwenye pambio, hiyo si yako hata upewe punguzo.

Namba tatu, Korg Nautilus, au Kronos ya mtumba ukiipata nzima. Kwa ulaini peke yake hizi ningeziweka juu, na ndani zina injini tisa za saundi. Nimezishusha kwa sababu ya umeme. Zinawaka kama kompyuta, zaidi ya dakika moja unasubiri, sasa umeme ukikatika katikati ya sifa jenereta itakuwa imeshaunguruma na wewe bado unaangalia skrini. Ukinunua hii nunua na UPS siku hiyohiyo.

Namba nne Roland Fantom-06, ya 2022. Saundi nzuri, nyepesi, na ina Tone Remain kwa ajili ya noti ulizoshika. Usiisifie bila kuipima na sini zako mwenyewe (mipangilio ya saundi uliyohifadhi) zenye efekti nyingi.

Mwenye bajeti ndogo achukue Yamaha MX61 au Korg Kross 2. Zote hazina ulaini huo, ila kuna njia. Usibadili saundi kabisa: weka stringi na piano pamoja kwenye pafomansi moja, au kombi kama Korg wanavyoiita, halafu unashusha sauti ya moja na kupandisha ya nyingine kwa nobu. Kwenye MX nobu ya kwanza ukiihamisha kwenye safu ya volyumu inafanya kazi hiyo. Unapoteza nafasi ya tabaka zingine, na polifoni, yaani idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja, inaisha haraka maana kila noti inaita saundi mbili, lakini maombi hayakatiki. Mwenye Mac anaweza pia kuweka MainStage, programu ya kupigia saundi za kompyuta jukwaani, na kutumia kibodi yoyote yenye USB, pale saundi ya zamani inamalizika yenyewe.

Anayepiga harusini peke yake bila mpiga ngoma, haya yote yamuhusu kidogo tu, yeye anahitaji staili, yaani ngoma, besi na gitaa vinavyomsindikiza vyenyewe, achukue Yamaha PSR-SX. MODX haina staili za kukusindikiza zile, ina apejio, yaani noti ulizoshika zinarudiwa moja moja kwa mpangilio, ni vitu viwili tofauti.

Kwa mtumba kutoka nje, hasa Marekani, geuza adapta usome maandishi madogo kabla hujachomeka popote. Ikiandikwa 100-240V chomeka. Ikiandikwa 120V peke yake, kwa umeme wetu wa 230 au 240 itaungua, tafuta adapta sahihi yenye volti na ncha ileile inayotakiwa na kibodi, na mwambie muuzaji aitoe kwenye bei.