TAHADHARI: "dawa ya jeni" ya kantangaze (yule nondo mdogo ambaye viwavi vyake vinatoboa nyanya), nimepigwa laki mbili na kumi

Jamani wakulima wa nyanya Arusha na Meru yote, naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Jamaa alinikuta shambani saa nne asubuhi, kwenye nyanya zile zile mnazozijua za ada ya Neema, ndo kwanza zinatoa maua. Shikamoo mama, akachuchumaa, akachuma jani lenye michirizi myeupe, akalichana kwa kucha akatoa kiwavi kidogo cha kijani akakiweka kwenye kifuniko cha chupa, tone moja tu la dawa yake, haikufika dakika mbili kimejikunja kimekufa. Nikamwita na baba Neema aje aone.

Na msiseme sikuwa makini, yule mtu aliongea vitu vya kweli!! Alisema jike moja linaweza kutaga mpaka mayai 260, kwamba kiwavi kinavyokula jani kinajiwekea akiba ya mafuta, na kiungo hicho hicho cha mafuta nondo akishakuwa mkubwa ndo kinatengeneza protini ya kiini cha yai homoni ikiamrisha, na jeni yake inaitwa vitelojenini, ukiizima mayai yanakuwa mabovu, na dawa yake ndo inaizima. Nikampigia Neema chuoni palepale, akasema mama hiyo sayansi ipo. Ndo nikatoa hela, chupa sita, elfu 35 kila moja.

Leo wiki ya tatu. Nyanya zina matundu pembeni ya kikonyo, ukipasua ndani kiwavi na kinyesi cheusi, nimelia jamani, debe sita nimemwaga.

Jana nikabeba chupa mpaka Ngaramtoni, mtaalamu akaniuliza swali moja, kile kiwavi kilikufa baada ya muda gani? Nikasema dakika mbili. Akasema mama, kuzima jeni ni kazi ya siku kadhaa, halafu kiwavi hakitagi, jeni ya mayai inafanya kazi kwa nondo jike mkubwa, sasa kufa kwa kiwavi kulikuonyesha nini kuhusu mayai? Nikakosa jibu. Akaniambia Marekani mwaka 2023 waliruhusu kweli dawa ya kupuliza ya namna hiyo ila ni ya mbawakawa wa viazi, viwavi vya nondo ni vigumu maana RNA, ile chembe inayozima jeni, inakatwakatwa tumboni kabla haijafanya kazi.

Chupa haina namba ya usajili ya TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, lebo ni karatasi ya printa, ukifungua inanuka kama petroli, risiti alisema atatuma kwa simu, mpaka leo.

Huyu mtu akamatwe na asipewe dhamana!! Arudishe kila shilingi, alipe na mazao, asimame mahakamani mbele ya kina mama wote aliowaibia, mtu anayekula ada ya mtoto wa mwenzake hafai kuonewa huruma hata kidogo. Nasikia ameonekana upande wa Boma Ng'ombe, watu wa Hai kaeni macho. Kama na wewe ulimpa hela njoo inbox twende polisi Jumatatu, chupa mbili sijazifungua, ninazo.