Simu yenye nafasi ya memori kadi: uzoefu wangu

Simu ninayoitumia ni ya bei ya kati, ina hifadhi ya ndani ya GB 128, na nimeiongezea memori kadi ya GB 256 kwa sababu shughuli zangu ni kurekodi harusi na darsa za msikitini. Video ya 1080p hula takriban MB 130 kwa dakika, kwa hiyo shughuli ya saa tatu hukaribia GB 23. Nimeielekeza kamera ihifadhi kila kitu kwenye kadi, na kazi ikiisha naichomoa na kuichomeka kwenye kompyuta bila kutafuta waya wala kuunguza bando. Kwa mtu wa kazi kama yangu, kadi ni kitendea kazi.

Kwa wengine wengi, hata hivyo, kinachojaza simu ni kile kisichohamishika. WhatsApp huweka picha, video na sauti kwenye hifadhi ya ndani, wala haina mpangilio wa kuzipeleka kwenye kadi. Mwenye kundi la ukoo, la kikoba na la wazazi wa shule anaelewa ninachosema. Kuhusu programu, Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta utaratibu wa kuiunganisha kadi na hifadhi ya ndani, lakini si kila mtengenezaji anauruhusu, na hata ukiruhusiwa, kiwango cha kasi kiitwacho UHS-I, ambacho kadi nyingi hukifuata, kinaishia MB 104 kwa sekunde, kasi iliyo chini sana ya UFS, aina ya hifadhi iliyomo ndani ya simu nyingi za sasa. Ndiyo maana simshauri mtu kununua simu ya GB 32 kwa matumaini kwamba kadi itamwokoa.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka ni trei ya laini. Trei ya simu yangu ina vikalio viwili, na cha pili hupokea ama laini ama kadi, si vyote. Kwa sisi ambao laini moja ni ya pesa na nyingine ni ya bando, huo ni uamuzi mzito. Laini yangu ya pili imehamia kwenye kitochi, nami natembea na simu mbili mfukoni.

Zipo pia kadi bandia zinazojitangaza kuwa za GB 256 ilhali uwezo wake ni mdogo mno, zikishajaa zinaharibu mafaili bila kutoa taarifa. Kadi mpya naipima kwanza kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta.

Samsung iliondoa nafasi ya kadi kwenye Galaxy S21 mwaka 2021, na iPhone haijawahi kuwa nayo, hivyo mnunuzi wa simu hizo hana budi kulipia hifadhi ya kutosha tangu dukani. Asiyerekodi video ndefu, akipewa GB 256 bila kadi kwa bei inayokaribiana na GB 128 yenye kadi, achukue ya kwanza. Mimi nitabaki na kadi, ila simu ijayo nitamwomba muuzaji achomoe trei niione kabla hatujazungumza bei.