Simons' BASIC kwenye Commodore 64 ya marehemu ami

Ami aliniachia Commodore 64, kompyuta ya 1982, ikakaa kabatini hapa Langoni, Lamu, ikiliwa na chumvi ya bahari. Kuiwasha hakukunisumbua. Kazi ilikuwa kupata lugha ya kuandikia programu. BASIC, lugha iliyomo ndani, haina hata amri moja ya kuchora. Ukitaka mstari, ni POKE, amri ya kutia namba moja kwa moja kwenye kumbukumbu, na tarakimu mpaka macho yaume. Kaseti ya Pascal, lugha nyingine ya programu, niliyoagiza kwa muuzaji mmoja ilifika na ukungu, haikusomeka.

Ndipo nikapata katriji (kijisanduku cha kuchomeka kwenye mashine) ya Simons' BASIC, nyongeza ya BASIC ya 1983. Wallahi, raha! Inaongeza amri 114: HIRES, LINE, CIRCLE na nyinginezo. Jioni moja tu nikachora jahazi na mwezi juu yake. Mpwa wangu akauliza mbona halina nahodha.

RENUMBER ndiyo iliyoniudhi. Inapanga upya namba za mistari, lakini haigusi zile zilizo kwenye GOTO na GOSUB, amri za kurukia mstari mwingine, hizo urekebishe mwenyewe kwa mkono. Nafasi ya kumbukumbu nayo inashuka kutoka baiti 38,911 hadi 30,719, na programu haiendi kwa mwenzako asiye na katriji. Lamu nzima mwenzangu simjui, kwa hiyo hilo halinikeri.