Antena ya kubebeka kwa redio ya ridhaa: ipi inunuliwe kwanza na ipi isubiri

Anayetafuta antena ya redio ya ridhaa (redio ya burudani, isiyo ya biashara) ya kwenda nayo mlimani au porini hukutana na bidhaa nyingi zinazojisifu kwamba ni nyepesi, zinafanya kazi kwenye bendi zote na husimamishwa kwa dakika chache. Sifa hizo zina ukweli ndani yake, lakini hazigusi jambo la msingi, nalo ni kiasi gani cha nguvu ya redio kinatoka hewani na kiasi gani kinaishia kuwa joto ndani ya koili, transfoma na udongo. Redio za kubebeka zenyewe hazina nguvu ya kutapanya: Icom IC-705 hutoa wati 5 inapotumia betri yake na wati 10 inapopewa umeme wa nje, na Xiegu G90, ambayo huhesabiwa kuwa na nguvu miongoni mwa wenzake, hutoa wati 20. Kwa viwango hivyo, kupoteza desibeli 3 ni kupoteza nusu ya ulichonacho. Kwa hiyo mpangilio huu unapima mambo mawili tu, yaani ufanisi wa antena na urahisi wa kuisimamisha ukiwa peke yako, na hautoi alama yoyote kwa wingi wa bendi zilizoandikwa kwenye kisanduku.

Nafasi ya kwanza: waya wa nusu wimbi unaolishwa mwishoni

Kwa mnunuzi anayemiliki antena moja tu, ninaiweka hii mbele ya zote. Ni waya wenye urefu wa takriban mita 20, transfoma ndogo kwenye ncha yake moja, na kebo inayokwenda kwenye redio. Urefu huo ni nusu wimbi kwenye bendi ya mita 40 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake), na kwa kuwa masafa ya bendi za mita 20, 15 na 10 ni karibu mara mbili, mara tatu na mara nne ya hayo, waya huohuo hufanya kazi kwenye bendi zote nne bila tyuna (kifaa cha kuilinganisha antena na redio), au kwa marekebisho madogo. Unahitaji sehemu moja tu ya kuutundika: tawi refu au mlingoti mmoja, na waya unateremka kutoka hapo kama mteremko wa paa. Anayetaka mzigo mdogo zaidi na hajali bendi ya mita 40 anaweza kununua wa mita 10, unaotosha kwa bendi za mita 20 na 10.

Kinachotofautisha antena nzuri na mbaya ya aina hii kimo ndani ya kisanduku cha transfoma, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa mdadisi. Mwishoni mwa waya wa nusu wimbi ukinzani hufika omu elfu kadhaa, wakati redio inataka omu 50, hivyo hutumika transfoma ya uwiano wa 49 kwa 1. Mara nyingi huwa ni mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa waya, imezungushwa kwenye pete ya feraiti ya mchanganyiko namba 43, pamoja na kapasita ya takriban pikofaradi 100 inayosaidia bendi za juu. Pete ikiwa ndogo mno kuliko nguvu inayopitishwa, hupata joto, na dalili yake huonekana waziwazi: unaanza kutuma ukiwa na SWR nzuri, yaani ya chini (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio), kisha sindano inapanda taratibu ingawa hujagusa kitu. Hali hii hujitokeza upesi kwa FT8 (mtindo wa kidijitali wa kutuma kwa kompyuta) kuliko kwa sauti au msimbo wa Morse, kwa sababu FT8 hutuma kwa nguvu kamili bila kupumzika kwa takriban sekunde 13 kila zamu. Muuzaji anayetaja kiwango cha wati kwa sauti pekee na kunyamaza kuhusu dijitali aulizwe, na asipojibu, chukua kiwango alichotaja ukigawe kwa tatu au nne.

Angalia pia jinsi waya unavyofungwa kwenye kisanduku. Uzito wa waya ubebwe na tundu au kulabu, usibebwe na skrubu ileile inayopitisha umeme, la sivyo utakatika hapohapo siku ya upepo. Tahadhari nyingine ni ya usalama: kwa wati 10, mwisho wa waya ulio upande wa transfoma huwa na zaidi ya volti 150, na kwa wati 100 hukaribia volti 500. Kisanduku kisiwekwe mahali ambapo mtu atakishika, na mbwa au mtoto wa mpita njia asiachwe kukisogelea.

Nafasi ya pili: dipoli yenye viungo

Kwa ufanisi mtupu dipoli hii, yaani antena ya mikono miwili ya waya, ndiyo ingeshika nafasi ya kwanza. Haina transfoma ya kupasha joto, hulishwa katikati mahali ambapo ukinzani tayari uko karibu na omu 50, na kila bendi hupata waya wenye urefu wake kamili. Kila mkono umekatwa vipande vinavyounganishwa kwa plagi ndogo: ukifungua kiungo kilicho mita 5 hivi kutoka katikati unapata bendi ya mita 20, ukikifunga na kutumia mita 10 zote unapata bendi ya mita 40. Mtengenezaji akitaka, anaweza kuweka viungo vya mita 30 na 17 pia, bendi ambazo waya wa nusu wimbi uliotajwa hapo juu hauzipokei vizuri.

Kilichoishusha ni usumbufu. Kila unapobadili bendi lazima utembee hadi kwenye mikono yote miwili na kufungua au kufunga viungo, na mara nyingine uteremshe mlingoti. Kebo nayo inaning'inia katikati, hivyo mlingoti mwembamba hupinda. Lakini kwa anayekaa bendi moja mchana kutwa, au anayetaka kuzungumza na vituo vilivyo ndani ya kilomita mia chache, sioni antena ya kuizidi. Ikiinuliwa katikati mita 7 na mikono ikishuka kwa pembe ya digrii 120 kati yake, kwenye bendi ya mita 40 hurusha sehemu kubwa ya nguvu juu angani, na tabaka la ionosfia huirudisha chini kwenye eneo lililo karibu. Hicho ndicho hasa unachohitaji unapotafuta mawasiliano 4 ya kupata alama za kilele katika mpango wa SOTA wa kutuma kutoka vilele vya milima, ulioanza Uingereza mwaka 2002, au mawasiliano 10 yanayotakiwa kwenye mpango wa hifadhi wa POTA.

Unaponunua, hakikisha katikati pana baluni (kifaa cha kuzuia kebo isigeuke sehemu ya antena) ya 1 kwa 1, na kwamba plagi za viungo zimefungwa kwa kamba inayobeba mvuto, ili plagi yenyewe isivutwe.

Nafasi ya tatu: fimbo ya wima ya kuchomoa

Hii ni ya mahali pasipo na mti wala nafasi ya kutandaza waya: ufukweni, kwenye mwamba mtupu, kando ya maegesho. Fimbo ya chuma cha pua ikichomolewa hadi takriban mita 5 ni robo wimbi kamili kwenye bendi ya mita 20, na kwa bendi za juu yake unaifupisha tu, sehemu moja baada ya nyingine. Kwa bendi ya mita 40 huongezwa koili chini, na hapo ufanisi huanza kushuka. Fimbo fupi za mita 1 hadi 2 zenye koili kubwa, zinazouzwa kwa madai ya bendi kuanzia mita 80, ni jambo tofauti kabisa. Sikuzipa nafasi katika orodha hii.

Fimbo pekee ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni nyaya za ardhini, na wauzaji wengi huweka moja au mbili kwenye mfuko. Ongeza ziwe nne au zaidi. Nyaya nyingi fupi zilizolazwa juu ya udongo husaidia kuliko moja ndefu. Penye maji ya chumvi hali hubadilika kabisa: fimbo iliyosimikwa ukingoni mwa bahari hutuma mawimbi kwa pembe ya chini, na kwa mawasiliano ya mbali inaweza kuzishinda antena mbili zilizotangulia. Dukani, ichomoe fimbo yote na kuirudisha mara kadhaa. Kila sehemu iteleze bila kukwama na isimame imara bila kulegea kwenye maungio, na ukishaanza kuitumia, ifute mchanga kabla ya kuirudisha ndani.

Nafasi ya nne: waya wa urefu wowote wenye transfoma ya 9 kwa 1

Jina lake hudanganya kidogo, kwa sababu urefu wowote haufai. Waya ukiangukia kwenye nusu wimbi ya bendi unayoitaka, ukinzani hupanda mno na tyuna hushindwa, ndiyo maana huuzwa kwa urefu kama mita 8.8 au 12.5. Faida yake ni kuhama bendi haraka kwa wenye redio yenye tyuna ndani, kama G90. IC-705 haina, hivyo mwenye nayo atabeba kifaa cha ziada. Hasara yake ni kwamba tyuna huifurahisha redio hata pale ambapo nguvu nyingi inapotea ndani ya transfoma na kebo.

Nafasi ya tano: kitanzi cha sumaku

Kitanzi kidogo chenye kapasita ya kurekebisha ni kifaa cha kuvutia, na kwenye roshani au hotelini hakina mpinzani. Nje mahali penye nafasi, hakifai kuwa cha kwanza. Upana wake wa masafa ni makumi machache tu ya kilohezi kwenye bendi ya mita 20, hivyo kila ukisogea unarekebisha upya, na kwenye bendi ya mita 40 kitanzi chenye kipenyo cha mita 1 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kapasita inaweza kubeba zaidi ya volti 1000 hata kwa wati 10, kwa hiyo usikiguse wala kukaa karibu nacho unapotuma.

Kwa wale wanaopanda na redio ya mkononi ya mita 2 pekee, mambo ni mepesi: antena ya waya inayokunjwa, ya muundo wa Slim Jim, ina urefu wa mita 1.5 hivi na hutundikwa popote. Antena ya Yagi ya vipande vitatu huongeza nguvu upande mmoja, ila kwa FM ishikwe vipande vyake vikiwa wima.

Vinavyonunuliwa pamoja nayo

Mlingoti uwe wa fiberglasi, kati ya mita 6 na 10. Ule wa nyuzi za kaboni ni mwepesi na mzuri kwa kuvulia samaki, lakini hupitisha umeme na huharibu mwenendo wa waya ulio karibu nao. Kipande cha juu kabisa, chembamba kama mswaki wa mti, mara nyingi ni bora kukiacha nyumbani. Kebo ya RG-174 ni nyepesi na wengi huipenda, ila mita 10 zake hupoteza zaidi ya desibeli 1 kwenye bendi ya mita 20. RG-58 hupoteza chini ya nusu ya hapo kwa uzito mkubwa zaidi. Nunua fupi inayotosha, kisha uivike feraiti chache karibu na redio ili mawimbi yasirudi kwenye maikrofoni. Mlingoti na waya visiinuliwe kamwe mahali ambapo vikianguka vitagusa nyaya za umeme, na radi ikisikika, hata kwa mbali, kila kitu kiteremshwe.

Waya mpya huja mrefu kidogo kwa makusudi. Utundike kwanza kwa urefu na pembe utakayotumia nje, upime SWR, na badala ya kukata, ukunje ncha yake nyuma na kuizungusha kwenye waya wenyewe hadi kipimo kikae sawa. Ardhi ya sehemu nyingine itahamisha kipimo hicho, na sentimita ulizokunja zitakunjuliwa tena.