TAHADHARI: Websaiti zinazouza bunduki za Marlin kwa nusu bei, nimelizwa dola 955. Wa Ohio someni kabla msimu wa kuwinda haujaanza

Ndugu zangu, kama umeshatuma hela kwa watu wanaouza bunduki mtandaoni na mpaka sasa hawajakuuliza duka gani la karibu na kwako utaenda kuchukulia mzigo, acha kusoma, piga simu benki yako sasa hivi halafu utarudi kumalizia. Mimi nilikaa siku nne nikiwasubiri na hizo siku nne ndo zilizonimaliza.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu, grini kadi ninayo na leseni ya kuwinda ninayo. Nimekulia Karatu, marehemu mzee alikuwa na gobore la kulindia mahindi yasiliwe na nguruwe pori, kwa hiyo bunduki sikuja kuiona Marekani. Ila soko la bunduki la huku ni kitu kingine kabisa, majina ni mengi na kila jina lina historia yake, bei zinapanda na kushuka kwa sababu ambazo mgeni huzijui, na tapeli anakupatia hapohapo kwenye usichokijua.

Kwa wasiowinda niseme kidogo. Ohio huruhusiwi kumpiga kulungu na bunduki yoyote tu. Kwa raifo, sheria inataka risasi yenye ganda lililonyooka kama bomba, kipenyo kuanzia inchi .357 mpaka .50, ndo maana zile za risasi aina ya .308 na .30-06 wanazozisifia jamaa wa Texas hapa kwetu kwa kulungu hazifai hata ununue ya bei gani. Watu wengi huku wanaishia kwenye .350 Legend, .450 Bushmaster au .45-70, na ukitamka .45-70 tu jina la kwanza utakaloambiwa ni Marlin 1895, ile ya kukoki kwa kushusha mkono wa chini kama za wale wachunga ng'ombe kwenye sinema. Mzee mmoja wa kazini kwetu anayo, alinipa niipige mara tano tu uwanjani na toka siku hiyo sikulala vizuri, nikawa natafuta Marlin usiku na mchana.

Sasa sikilizeni hii ya Marlin maana utapeli wote umejificha hapa. Jina ni moja lakini zipo Marlin tatu. Ya kwanza ni ile ya zamani iliyotengenezwa Connecticut, kwenye mtutu pale unapoingia kwenye mwili wa bunduki ina chapa ndogo ya herufi JM, yaani John Marlin mwenyewe mwanzilishi. Hizo watu wanazililia. Mwanzoni mwa 2008 Remington, kampuni nyingine ya bunduki, wakainunua, baadaye wakafunga kile kiwanda cha North Haven, kazi ikahamishiwa kwenye viwanda vyao vingine na wale mafundi wa zamani waliokuwa wanazijua mashine zao kwa mkono wakabaki nyumbani. Matokeo yake bunduki za miaka ile ya mwanzo zilitoka mbaya, mbao haikai vizuri kwenye chuma, kilengeo kimeenda upande, mkono unakwama katikati ya kukoki. Hizo chapa yake ni REP. Miaka ya mwisho ya Remington zilipata nafuu lakini jina lilishachafuka. Remington wakafilisika, 2020 Ruger, nao watengeneza bunduki, wakalinunua jina la Marlin, na mwisho wa 2021 wakatoa ya kwanza ya kwao kutoka kiwanda cha Mayodan, North Carolina, namba yake inaanza na RM. Hiyo ya Ruger ni nzuri kweli, nimeishika, mkono unateleza kama umepakwa mafuta. Ila ile ya chuma kisichoshika kutu iliingia sokoni na bei ya kiwanda dola 1,399 na tangu hapo imepanda, haijashuka.

Mimi hayo yote nimeyajua BAADA ya kupigwa.

Oktoba nikakutana na websaiti imepangwa vizuri kuliko hata maduka ya kweli. Bendera ya Marekani, picha kali, maoni ya wateja, namba ya FFL, yaani leseni ya shirikisho ya kuuza silaha, imeandikwa chini kabisa, na kadirisha ka kuchati anakojibu mtu ndani ya dakika moja. Wanasema wanafunga duka kwa hiyo wanamaliza stoku. Marlin 1895 "mpya kutoka kiwandani" dola 640. Nikajiambia Mungu amenikumbuka.

Angalia sasa, kwenye ile picha ukiikuza unaona kabisa chapa ya JM kwenye mtutu. Mpya kutoka kiwandani, na ina JM! Kile kiwanda kilifungwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, JM mpya haipo duniani labda mtu aliificha kabatini. Yule mzee wa kazini alipoiona picha alicheka sekunde mbili halafu akaacha, akaniuliza umeshalipa? Nilikuwa nimeshalipa.

Walivyonichuna ni hivi. Kadi walisema mashine ina hitilafu, lipa kwa Zelle (huduma ya kutuma hela moja kwa moja benki kwa benki) utapata punguzo. Jina la mpokeaji lilikuwa la mtu binafsi, la duka halikuonekana popote, nikauliza, wakasema ni mhasibu wao. Nikatuma 675 pamoja na usafiri. Kesho yake ikaja barua pepe kutoka "kampuni ya usafirishaji" kwamba mzigo wa silaha lazima ulipiwe bima ya dola 280, itarudishwa ukipokea. Nikatuma. Keshokutwa wakataka 450 ya kibali cha kuvuka jimbo. Hapo ndo akili ikarudi. Na kilichonishtua zaidi ni kwamba walikuwa wanasisitiza bunduki italetwa mlangoni kwangu, hakuna haja ya kusumbuka na duka.

Hilo la mlangoni ndilo nataka liwakae kichwani kuliko mengine yote niliyoandika. Bunduki mpya unayoinunua kwenye duka la mtandaoni lililo jimbo lingine haiji nyumbani kwako. Sheria ya shirikisho inataka itumwe kwa muuzaji mwenye leseni karibu na wewe, yeye ndo anaipokea, unakwenda na kitambulisho, unajaza fomu 4473 ya mnunuzi wa silaha, sisi wa grini kadi tunaandika na namba yetu ya uhamiaji, wanakupitisha kwenye ule ukaguzi wa FBI uliopo tangu 1998, ukipita unalipa ada ndogo ya duka unaondoka. Muuzaji wa kweli kabla hajatuma chochote atataka taarifa za leseni ya duka lako. Mimi nilikwenda duka la karibu na kwangu kuuliza kama kuna mzigo wangu njiani, yule kijana akaniambia hawajapokea hata simu, akanitazama kwa huruma, ilionekana sikuwa wa kwanza kumletea hadithi hiyo.

Na ile namba ya leseni iliyokuwa chini ya websaiti? Ni ya kweli! Hapo ndo wanapowapata hata wajanja. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, wana huduma ya bure inaitwa FFL eZ Check, unaingiza tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho inakuletea mwenye leseni na anwani yake. Niliingiza ikaniletea kaduka ka kweli jimbo lingine kabisa. Nikatafuta simu yao kwa njia nyingine, siyo ile iliyoko kwenye websaiti, akapokea mama mmoja mtu mzima, hata sijamaliza sentensi akasema mwanangu pole sana, wameiba namba yetu, wewe ni wa ngapi sijui. Kwa hiyo kuona namba ni halali haitoshi kabisa, piga simu kwa mwenye namba, simu uliyoitafuta mwenyewe, uulize hii websaiti ni yenu?

Jamaa yangu mmoja wa hapahapa alipigwa kwa njia tofauti, yeye bunduki alipewa. Alinunua Marlin iliyotumika kwa mtu, ana kwa ana, Ohio sheria inaruhusu watu wa jimbo moja kuuziana bila kupitia dukani. Akaambiwa ni JM ya zamani akalipa bei ya JM. Kufika nyumbani tunaiangalia na tochi, REP. Ni bunduki halali na inapiga, ila amelipa mamia ya dola kwa herufi mbili ambazo hazipo. Ukienda kukutana na muuzaji wa namna hiyo mwombe mkutane dukani, fundi aiangalie, na namba ya bunduki iandikwe kwenye karatasi za duka, kama hataki ujue huenda bunduki ina kesi.

Sasa wengi mmeniuliza inbox ninunue ipi basi. Mimi siyo fundi ila nimeshika nyingi mwaka huu kwa uchungu wa ile hela, na nasema hivi: ukijua bei halisi ya kila jina, tapeli hakupati.

Kama mfuko ni mdogo, CVA Scout ya risasi moja moja, kati ya dola 400 na 500, haina mbwembwe na inapiga pale unapolenga. Kulungu wa misitu ya huku unampiga mita 70 au 80, hahitaji bunduki ya elfu mbili. Ruger American na Savage Axis za .350 Legend nazo ziko kwenye mia nne mpaka mia sita hivi, kitako ni plastiki nyepesi inayolia ukiigonga, bolti ya Axis inakwaruza kidogo ukikoki, lakini mtutu ni mzuri na ndo unaokuletea nyama. Ukitaka ile ya mkono wa chini bila kulipa bei ya Marlin, kuna Henry, elfu moja na kitu, imetengenezwa Marekani na kazi yake ni safi. Kuna na Rossi R95 ya Brazil ambayo kwa ndani ni kama binamu wa Marlin, kaumaliziaji kake ni ka chini kidogo, inazunguka kwenye elfu moja. Kwa wa majimbo yanayoruhusu .308, mimi Tikka ya Finland naipa namba moja kwa thamani, kiwanda kinaahidi risasi tatu ndani ya inchi moja kwa yadi 100 na walionayo wote ninaowajua hawajalalamika. Remington 700 iliyotumika ni bunduki nzuri tangu 1962 lakini kuwa makini na triga, zile za X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014 kampuni yenyewe iliziita zirudi kwa sababu zingeweza kufyatua risasi bila triga kuguswa. Muuzaji akikupa bei chee kwenye 700 muulize triga imeshabadilishwa na akuonyeshe karatasi.

Kwa hiyo ukiona Tikka mpya dola 350 au Marlin ya Ruger dola 640, hakuna duka linalojua kazi yake linalotupa mzigo hivyo, likifunga kweli wenzake watakuja kununua stoku yote kabla wewe hujaamka.

Jingine, zile websaiti zina kipande kinasema wanatuma mpaka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wazee wangu huko nyumbani msijaribu. Kutoa silaha Marekani kunataka kibali cha serikali ya huku, na Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni unaipata kupitia polisi, haiji na katoni ya nguo. Utaliwa hela, na Mungu apishe mbali mzigo ufike kweli, hapo utakuwa na kesi. Na wewe uliyeko huku kwa viza ya masomo au ya kazi usimwambie kaka yako mwenye makaratasi akununulie kwa jina lake, ile fomu 4473 inauliza kabisa kama wewe ndiye mnunuzi halisi na kudanganya pale ni jela ya shirikisho.

Mimi nimeripoti IC3, kitengo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni, na kwa FTC, tume ya shirikisho inayolinda walaji, polisi wa hapa wamenipa namba ya jalada. Benki wamesema hela nilituma kwa mkono wangu mwenyewe kwa hiyo hairudi. Mke wangu hajasema neno baya hata moja na hilo ndo linaniuma zaidi, zile hela tulikuwa tunaweka za nauli ya mama.

Ile websaiti ilifungwa wiki mbili baadaye. Nikashukuru. Jumapili imerudi na jina jipya, rangi zimebadilika kutoka nyekundu kuwa kijani, namba ya leseni safari hii wameiba ya duka lingine. Sasa kaka yangu wa Dayton, ile linki uliyonitumia jana usiku ukaniuliza kama ni ya kweli, nimeifungua na nimeikuza picha, ni Marlin ileile, mkwaruzo uleule kwenye kitako na JM ileile kwenye mtutu. Usitume hata senti, nipigie.